Dakika Zisizotosha Salamu

Ibadakuli,
Shinyanga.
Jumapili, baada ya ibada.

Mdogo wangu Luka,

Nakusalimu katika jina la Bwana, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta na afya njema huko Katoro, au popote gari lilipokupeleka. Sisi huku ni wazima. Mke wangu anasumbuliwa na magoti kila mvua zinapoanza, ila anatembea na anapika. Mimi mwenyewe sina ugonjwa isipokuwa huu ulionisababishia wewe, nao hauna dawa hospitalini.

Shikamoo yako sikuiona katika ujumbe ulionitumia. Niliutafuta ujumbe ule tangu juu hadi chini, nikidhani labda uliiweka mwishoni. Hata hivyo mimi ni mkubwa wako, na sitaki watu waseme kwamba ulinyimwa jibu. Marahaba.

Kabla sijaendelea, nakuagiza jambo moja. Usiende Nyarugusu kabla hujamaliza kuisoma barua hii. Ikiwa umeshaanza safari, shuka. Humu mna habari ya Mama na ya nyumba, na habari hiyo haikai ndani ya simu.

Uliniandikia hivi, nami nainakili bila kuigusa: “Broo mambo vipi. Naomba ushauri, kifurushi gani kizuri kwa mtu wa safari? Mama nampigiaga kila siku ila wiki hizi hapatikani, nahisi mtandao wa Nyarugusu umekufa. Nataka nihame laini.”

Kwanza, mama yetu hakumzaa Broo. Alimzaa Marselino, na baada ya kuwazika wawili waliofuata, akakuzaa wewe. Pili, neno “nampigiaga”. Nimefundisha sarufi maisha yangu yote ya kazi, na kiambishi hicho cha “-ga” nimekifuta kwenye madaftari mengi kuliko mifuko ya mawe uliyowahi kuiona machimboni. Sisi watu wa kanda hii tumekitoa katika Kisukuma chetu na kukibandika kwenye Kiswahili bila kumwomba mtu ruhusa. Kina kazi yake, sikatai: kinaonyesha mazoea. Mtu akisema “ninalimaga”, anadai kwamba kulima ni desturi yake. Wewe unadai kwamba kumpigia Mama kila siku ni desturi yako. Basi kosa lako si la sarufi peke yake. Mama huniambia ni lini umempigia, kwa kuwa siku hiyo hula vizuri.

Sasa nitajibu ulichouliza, kwa maana sikulelewa kuruka maswali.

Umenichagua mimi kuwa mshauri kwa sababu unajua kwamba tangu nistaafu nimekuwa mtu wa barabarani. Kila nilipopata nauli nimekwenda Nyarugusu kumwangalia Mama, nikapita Kahama, nikapita Katoro, nikarudi. Njiani nimeona simu inavyoshika na inavyoachia. Nimekaa na vijana wa mawakala wa simu, wale wenye miavuli na viti vya plastiki, nikawauliza mpaka mmoja wao akaniuliza kama ninatoka serikalini. Sitaitaja mitandao kwa majina, maana hakuna aliyeniajiri kuitangaza wala kuikashifu. Na neno “bando” sitalitumia. Kifurushi ni kifurushi.

Msafiri mjinga huuliza kifurushi kipi kina vitu vingi. Msafiri mwenye akili huanza kwa kuuliza anayempigia yuko wapi, na ni laini gani inayoshika pale alipo. Wewe unazunguka na pampu zako za kutolea maji mashimoni, leo Katoro, kesho Kahama, wiki ijayo Chunya. Huko kote kuna minara, na laini yoyote itakufaa. Asiyesafiri ni Mama. Yeye yuko pale pale. Ulipaswa kuchagua laini kwa kufuata nyumba yake, si kwa kufuata magurudumu yako.

Kisha msafiri huangalia muda. Kifurushi cha siku hufa pamoja na siku, hata kama umeshinda porini usiongee neno. Cha wiki humfaa anayejua ratiba yake. Cha mwezi chenye dakika za mitandao yote humfaa mtu mwenye mzazi. Wewe siku zote umenunua kile kidogo kuliko vyote, kile cha dakika chache za kuulizia bei na kuaga. Nilikuuliza sababu, ukanijibu, mbele ya Mama, kwamba wewe ni mtu wa fasta na maneno mengi ni ya watu waliostaafu. Ulicheka. Mama naye alicheka, kwa sababu ulikuwa unacheka.

Hata laini yenyewe ya Mama ni ya kwako. Unakumbuka siku ile mashine ya wakala ilipokataa alama za vidole vyake. Alikifuta kidole kwa kanga, akakiweka tena, mashine ikakataa tena. Jembe limeshazila alama zile. Wakala akakuambia uisajili kwa jina lako, ukaisajili, halafu ukatangaza kwa majirani kwamba sasa Mama hana upweke, mwanawe yuko mfukoni mwake. Justa, jirani, aliniambia kwamba alikuuliza kama mwana wa mfukoni anaweza kuteka maji. Ukamwambia aache wivu.

Hayo ndiyo majibu ya swali lako. Yanayofuata hukuyauliza.

Safari yangu ya mwisho Nyarugusu nilikuwepo ulipopiga simu. Nilizuiliwa nisiseme kwamba nipo; Mama alinionyesha mkono nikae kimya, kwa kuwa simu ilikuwa yake. Simu pale haishiki ndani. Hushika nyuma ya jiko tu, karibu na lile jiwe la kusagia lililovunjika, na Mama alisimama hapo akiwa ameiweka kwenye sauti kubwa. Akaanza. Akakuambia mwangaluka. Akakuuliza umeamkaje, walioko nawe wameamkaje, njia ikoje, mvua ya huko ikoje. Akawauliza hali wateja wako, ambao hajawahi kuwaona. Akakuuliza ng'ombe, Luka, na wewe huna ng'ombe. Ulikuwa unajibu salama, salama, salama Mama, niko fasta kidogo. Alipoanza kuwataja wazee wa ukoo wetu, kama inavyompasa mtu anayesalimiana na mwanawe, simu ikakatika. Dakika zako ziliisha akiwa amefika kwa babu.

Aliitazama simu ile kama mtu aliyefungiwa mlango na mtoto wake. Kisha akasema kwamba kesho atasalimia harakaharaka. Mwanamke wa umri wake, Luka, alikuwa anapanga kuwaruka marehemu wake ili apate nafasi ndani ya kifurushi chako.

Nikamuuliza ana jambo gani. Akasema analo, ni la mwenye nyumba, yaani wewe, kitinda mimba uliyeachiwa mji wa baba. Hawezi kulisema kwangu kabla ya kulisema kwako. Nikamwambia basi aanze na jambo lenyewe, salamu zifuate. Alinitazama kana kwamba nimemwambia aende kisimani bila nguo. Akaniuliza, mwalimu mzima, nani huingia mjini mwa mtu akasema neno lake bila salamu? Jibu ninalijua. Ni mleta msiba. Akasema kwamba ukisikia sauti yake inaanza na neno bila salamu, utajua kuna maiti, na wewe uko juu ya pikipiki au ndani ya gari la mizigo, utafika salama? Kwa hiyo kila ulipopiga alianza upya, tangu mwangaluka, ili usishtuke. Na kila mara ulimkatia njiani, halafu ukaniandikia kwamba umeongea na Mama, ni mzima, hana neno.

Alikuwa na neno. Nililiona mwenyewe siku ile ile, nilipoingia chumbani kwako kutafuta koleo. Mama alikuwa ametandika mkeka katikati ya chumba, mahali ambapo hakuna mtu anayelalia mkeka. Nikaukanyaga, mguu ukazama. Nikaufunua. Sakafu ilikuwa imepasuka kuanzia chini ya dirisha hadi mguu wa kitanda chako, na ufa ule ulikuwa unapumua. Sina neno jingine. Hewa ya baridi ilitoka chini, ikinuka udongo mbichi na matimba, yale magogo ya kushikilia kuta za mashimo, na chini kabisa nikasikia watu wanagonga mwamba na kuimba.

Hapo ndipo Mama alipokubali kusema. Aliusikia ugongaji huo tangu mvua za vuli. Hakuogopa kwa ajili yake, kwa kuwa yeye hulala chumba cha upande wa pili. Aliogopa kwa ajili yako. Wewe hufika bila taarifa, umechoka, ukaingia moja kwa moja na kujitupa kitandani na viatu. Neno lake lote, lile alilolibeba hadi nyuma ya jiko kila ulipopiga, lilikuwa hili: “Luka, ukija usilale chumbani kwako.” Salamu zake zilikuwa ndefu kuliko neno hilo, na kifurushi chako kilikuwa kifupi kuliko salamu.

Sikusubiri. Nilimchukua siku ile ile, na kuku wake, na mkeka ule. Justa alitusaidia kubeba. Mama alipinga njia nzima hadi Katoro, akisema mji wa kitinda mimba hauhamwi bila yeye kujua. Yuko hapa Ibadakuli. Amelala vizuri. Anakula. Ndege zikipita juu yetu kuja uwanjani, anatoka nje na kuzipungia mkono, kwa kuwa anasema mtu wa safari kama wewe anaweza kuwa ndani.

Sasa nikwambie kuhusu mtandao wa Nyarugusu ulioushuku. Haujafa. Tukiwa ndani ya basi, Mama akisinzia begani kwangu, niliifungua simu yake nikaitoa ile laini. Ninayo hapa, ndani ya bahasha, kwenye kabati. Sauti ile inayokuambia kwamba unayempigia hapatikani inasema kweli kuliko inavyojua. Aliyemfanya asipatikane ni mimi. Nilimdanganya Mama kwamba simu imeingia maji. Nilikusudia kuona ni baada ya muda gani mtu anayempigiaga mama yake kila siku ataondoka alipo na kwenda kumtazama. Hukuondoka. Ulikaa, ukangoja, ukafikiri, na mwisho wa kufikiri kwako ukaamua kuhama laini.

Sikuombi msamaha kwa hilo. Nakueleza tu, usije ukamtukana wakala.

Juzi Justa alinipigia. Alinisalimu, tena kwa ukamilifu, nikajua kwamba hakuna aliyekufa. Kisha akasema chumba chako kimekwenda. Ukuta wa upande wa kusini, dirisha, kitanda, sanduku lako la nguo, vyote viko chini. Nusu ya bati imebaki inaning'inia. Wachimbaji walikuwa wametoka kula, na hiyo ndiyo sababu pekee ya kutokuwa na matanga.

Nilikwenda. Nilimtafuta Deusdedit, mwenye duara lile la dhahabu, nikamkuta amekaa juu ya gogo, hana kiburi kile unachomjua nacho. Nilimuuliza ni nani aliyemruhusu kulipeleka shimo lake upande wa mji wetu. Nilitaka kusikia kwamba alijiruhusu mwenyewe. Nilikwenda na polisi kichwani mwangu tayari. Akaniambia, “Mwalimu, tusigombane bure. Mwenye mji ndiye aliyesema.” Akaapa mbele ya watu wake kwamba alikupigia kuomba kusogea upande wetu, akaahidi kukutengea mgao wa mawe kila duara litakapotema dhahabu. Dakika zake zikaisha katikati. Ukampigia wewe, na kifurushi chako kile kile. Akasikia sauti yako ikisema, “Sawa, chimbeni, lakini.” Hapo simu ikakatika.

Nikamuuliza, lakini nini? Akasema hajui. Nikamuuliza mbona hakukupigia tena. Akaniambia, na wale vijana wake wakainamisha vichwa wasicheke mbele yangu, kwamba yeye hakusoma sana kama mimi, ila katika maneno yale alielewa vizuri lile la “chimbeni”, akaona hilo lingine si la haraka.

Luka, “lakini” ni kiunganishi. Hakuna sentensi inayoishia hapo. Neno hilo huja kubana kilichotangulia, na kinachokuja nyuma yake ndicho msemaji alichokusudia. Nimerudi kutoka Nyarugusu nikiwa na nusu ya sentensi yako, na nusu hiyo imekaa katikati ya nyumba hii kama mgeni asiyejulikana ataondoka lini.

Nilimweleza Mama. Huenda ningenyamaza, ila alinisubiri mlangoni akidhani nilikwenda kukutafuta wewe, akaniuliza kama nimekukuta na kama nimekukataza kile chumba. Nilimwambia kwamba chumba hakipo, na nikamwambia Deusdedit alichosema. Hakulia. Akakaa, akafikiri, kisha akaimalizia sentensi yako. Anasema ulitaka kusema, “Chimbeni, lakini msiguse nyumba ya mama yangu.” Anasema hakuna namna nyingine inayowezekana. Ameshamwambia mke wangu, na leo baada ya ibada amewaambia akina mama wa jumuiya, wakaitikia kwamba ndivyo ilivyo, simu hizi zina mambo.

Mimi nimeimalizia kwa namna nyingine. Nimekujua tangu ulipokuwa unafichwa mgongoni mwa Mama ili nisikuchape. Ninavyoisikia mimi, inasema, “Chimbeni, lakini mgao wangu msiusahau.”

Mmoja wetu amekosea, naye ni yule asiyekujua. Usinipigie kunieleza, sitapokea. Usitume ujumbe. Usinunue kifurushi cha aina yoyote kwa ajili ya jambo hili. Panda gari uje Ibadakuli. Keti mbele yake chini, si juu ya kiti. Msalimie, umwache aulize habari za njia, za mvua, za ng'ombe usio nao, na za wafu wetu wote mpaka wa mwisho, wala usiseme salama kabla hajamaliza kuuliza. Yeye akinyamaza ametosheka, ndipo uimalizie sentensi yako.

Ikiwa ilikuwa kama anavyosema yeye, nitasimama mbele ya ukoo na kukuomba radhi, na laini hii nitakurudishia kwa mikono miwili.

Ikiwa ilikuwa kama ninavyosema mimi, utasema ile ya kwake. Utaisema kwa sauti, neno kwa neno, “lakini msiguse nyumba ya mama yangu”, na usinitazame wakati unaisema. Nitakuwa nimekaa pale, nami sitakusahihisha.

Barua hii nimemkabidhi kondakta wa basi la Katoro ampe Paskalia, mama lishe wa stendi, kwa kuwa kwake hupiti bila kula. Mke wangu anakusalimu. Justa hakukutumia salamu, nami sikumwomba. Salamu za Mama ni nyingi mno kwa karatasi hii. Amesema atakupa mwenyewe.

Ni mimi, mkubwa wako,

Marselino.